Bingwa Aliyezuiwa kwa Kuwa Mwalimu

Ukiwa unasomea ualimu chuo kikuu, kuna swali utaulizwa mpaka ulizoee: "Kwani wewe ulikosa kozi gani?" Anayeuliza wala hana ubaya. Ameshaamini tu kwamba hakuna anayeanza na ualimu, watu huishia kwenye ualimu. Hosteli kwetu wenzangu wa uhandisi wananiita ticha. Siku bumu likiingia jina hilo ni utani, siku tukianza kuongea habari za ajira linageuka kuwa pole.

Mwaka huu, ambao ni wangu wa tatu, nilichukua somo la kuchagua la historia ya michezo na elimu ya viungo. Kila mmoja alipewa mada ya kuwasilisha mbele ya darasa. Wenzangu wakapata mpira wa miguu, riadha, ngumi. Mimi nikaangukiwa na mada ya mbio za kuteleza kwenye theluji katika miaka ya 1930. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nimezaliwa na kukulia Tanga. Theluji pekee niliyowahi kuigusa ni ile inayoganda kwenye friza ya duka la mama.

Nikaenda maktaba nikiwa na lengo moja tu, nipate alama zangu nisije nikapata sapu kwenye somo ambalo nimejichagulia mwenyewe. Huko ndiko nilikokutana na Anton Seelos, ambaye watu wa kwao walimwita Toni.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, maana najua wengi wetu tunauonea kwenye runinga tu. Mtu anafunga mbao mbili ndefu na nyembamba miguuni, zinaitwa skii, kisha anashuka mlima wenye theluji. Kuna mbio za kushuka moja kwa moja, ambazo ni kasi na ujasiri. Halafu kuna slalomu. Hapo mteremko umesimikwa milingoti, na unatakiwa upite katikati yake ukikata kushoto na kulia, ukiruka hata mlango mmoja umetoka. Unashuka mara mbili, muda unajumlishwa, mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Slalomu ya namna hii, inayoamuliwa kwa saa, ilianzishwa na Mwingereza Arnold Lunn mwaka 1922 katika kijiji cha Mürren, Uswisi. Hapo hapo Mürren, mwaka 1931, yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia.

Shida kubwa ya slalomu ni kukata kona. Mbao za miguuni zinataka kwenda mbele, mlingoti unakutaka uende pembeni. Miaka ile njia iliyotamba ni ile iliyofundishwa na Hannes Schneider katika shule yake ya St. Anton, Austria. Ukitaka kugeuka unapanua skii kwa nyuma, ncha za mbele zinasogeleana, mbao zinafanya umbo kama V iliyopinduliwa, unapunguza mwendo, halafu unageuka. Ni njia salama na mpaka leo wanaoanza wanafundishwa kitu kama hicho. Ila kila ukipanua skii, umeshika breki.

Seelos, aliyezaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Seefeld, jimbo la Tirol, aliachana na kupanua. Aliziweka skii zake mbili pamoja, sambamba. Akifika mlingotini anajiinua kidogo ili uzito uzitoke mbao, anazungusha mabega, mbao zinafuata, na tayari ameshaingia kona nyingine. Breki hakuna. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kujitakia kuvunjika mguu. Kwake yeye ikawa ndiyo njia ya kuwaacha wenzake mbali.

Februari 1933, katika mashindano ya dunia ya Innsbruck, mji ulio jirani kabisa na kijiji chake, alishinda slalomu na akashinda pia mchanganyiko, yaani jumla ya kushuka moja kwa moja na slalomu. Alikuwa hajatimiza miaka 22, kwa hiyo mimi ninayeandika hapa nimeshampita umri. Mwaka 1935 mashindano yakarudi Mürren. Akashinda tena slalomu, akashinda tena mchanganyiko. Dhahabu nne za dunia ndani ya miaka miwili.

Sasa weka hesabu vizuri. Mwaka uliofuata, 1936, mbio hizi za milimani zilikuwa zinaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia, mjini Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Kutoka Seefeld hapo ni kuvuka tu mpaka. Mashindano yenyewe yalikuwa ni mchanganyiko, kile kile alichokuwa bingwa wa dunia. Ungedhani hiyo ni ya kwake.

Hakuruhusiwa kushindana.

Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kesi. Tatizo ni kwamba alikuwa mwalimu. Alifundisha watu kuteleza na akalipwa kwa kufundisha. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba mwalimu wa skii ni mchezaji wa kulipwa, na Olimpiki wakati ule ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Walimu wote wa skii wakafungiwa mlango. Wanaume wa Austria na Uswisi walikasirika kiasi cha kususia mbio hizo, maana kwenye nchi zao mabingwa na walimu walikuwa ni watu wale wale.

Sisi Watanzania maneno haya hatuhitaji kutafsiriwa. Tumekua tukisikia ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Lakini nilipoisoma ile sheria kwa utulivu niligundua kitu ambacho kilinikera, na kinanikera mpaka sasa. Sheria haikumkataza mchezaji kuwa na kazi. Ungeweza kuwa karani ukalipwa, fundi ukalipwa, askari ukalipwa, na bado ukabaki wa ridhaa. Filbert Bayi wetu alikuwa mwanajeshi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, na mshahara wa jeshi haukumtoa kwenye ridhaa. Aliyekuwa na mshahara mchafu ni yule aliyelipwa kwa kuwafundisha wengine kile anachokijua. Mtu wa ukoo tajiri aliweza kukaa mlimani msimu mzima akijinoa kwa fedha za baba yake, akahesabiwa safi. Kijana wa kijijini ambaye njia yake pekee ya kukaa mlimani ni kuwafundisha wageni, akahesabiwa amechafuka.

Na walioshika bango la usafi walikuwa wapi? Ujerumani ya Hitler, ambaye ndiye aliyeifungua ile michezo. Kabla wageni hawajafika, mabango ya kuwabagua Wayahudi yaliondolewa mjini ili yasionekane. Hilo liliwezekana kufunikwa. Mwalimu wa skii hakufunikika.

Basi siku ya slalomu ikafika. Kwenye mbio hizi kuna mtu anaitwa mtangulizi. Anashuka kabla ya washindani kufungua njia na kuhakikisha iko sawa. Muda wake hauingii kwenye matokeo. Waandaaji walihitaji mtangulizi, na aliyeshuka ni Toni Seelos.

Alishuka kwa muda mzuri kuliko wa mtu yeyote aliyemfuata, akimzidi kwa sekunde kadhaa hata Franz Pfnür, Mjerumani aliyeondoka na dhahabu. Kwenye slalomu watu wanatofautiana kwa vipande vya sekunde. Sekunde kadhaa ni kama mwenzako amefika, amevua viatu, anakusubiri. Pfnür alikuwa mtelezaji mkubwa, bingwa wa dunia wa slalomu mwaka 1934, na medali ile aliitolea jasho kihalali. Simvunjii heshima. Ila kila aliyekuwa mlimani siku ile mwenye macho aliona nani anajua zaidi.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Ilibidi nitoke, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo la kwangu.

Mwaka jana nilikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata. Nikapewa Jiografia, Kidato cha Pili, mada ya kusoma ramani. Kama umesoma Jiografia unaijua ile mistari ya kontua, inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi ni ya taratibu. Maneno haya unaweza kuyasema mara kumi na darasa likakuangalia kama unaimba. Wiki ya pili niliacha kitabu. Niliwaambia wakunje ngumi, wachore kwa kalamu mistari ya kuzunguka kila kifundo cha vidole, kimoja juu ya kingine, halafu waukunjue mkono uwe bapa. Milima ikawa ramani mbele ya macho yao.

Kulikuwa na binti mmoja anakaa nyuma kabisa, kimya, daftari lake lina kurasa nyingi nyeupe. Siku ile alichora, akakunjua, akakunja tena, akakunjua tena. Kesho yake nilimkuta kwenye mwembe na wenzake watano, amewashika mikono mmoja mmoja, anawachorea. Na alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi, kwa lugha yao, kwa mifano ya vilima wanavyopanda wakienda kisimani. Msimamizi wangu alipokuja kunikagua, binti yule ndiye aliyenyoosha mkono na kueleza ubaoni. Msimamizi akaguna kwa kuridhika, akaniambia, "Huyu mtoto ana kipaji."

Nilitabasamu. Nilimfurahia yule binti kweli kweli, Mungu ni shahidi. Lakini kuna kitu kilinichoma. Hakuna mahali kwenye ile sentensi palipokuwa na mimi. Matokeo yake yakitoka yatakuwa na jina lake na namba yake ya mtihani. Na ndivyo inavyotakiwa. Ila usiku ule nilijiuliza kama naweza kuishi hivyo miaka thelathini na tano, nikifungua njia kila asubuhi na muda wangu hauandikwi popote.

Sasa nikarudi ndani nikamalizia habari za Seelos, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonisaidia.

Ule mzunguko wa skii sambamba haukubaki Seefeld. Wafaransa, waliokuwa nyuma sana kwenye mchezo huu, walimchukua Seelos akafundishe timu yao. Miongoni mwa waliomwangalia kwa makini ni Émile Allais, kijana wa Megève, mtoto wa mwoka mikate, ambaye baba yake alikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Allais hakuiga tu. Aliuvunja ule mzunguko vipande vipande mpaka akajua kila kiungo kinafanya nini. Kule Garmisch, siku mwalimu alipokuwa mtangulizi tu, Allais alichukua shaba, medali ya kwanza ya Ufaransa ya Olimpiki katika mbio hizi. Mwaka mmoja baadaye, 1937, kwenye mashindano ya dunia ya Chamonix, alishinda mbio za kushuka, akashinda slalomu, akashinda mchanganyiko. Zote tatu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonigusa zaidi. Mwaka ule ule wa 1937, pamoja na Paul Gignoux na Georges Blanchon, alitoa kitabu cha kueleza namna ya Kifaransa ya kuteleza, kilichojengwa juu ya skii sambamba, ili mtu wa kawaida naye aweze kujifunza. Kwa maneno mengine, bingwa naye akageuka mwalimu. Baada ya vita alifundisha Squaw Valley kule Marekani, akafundisha Portillo nchini Chile, akarudi kwao kufanya kazi Courchevel. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 100. Leo mtalii yeyote anayeshuka mlima akiwa na skii zake mbili sambamba, awe Mfaransa, Mjapani au yule Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria na kuibebea Kenya bendera kwenye mbio hizi katika Olimpiki ya 2018, anateleza ndani ya somo lililopita kwa Seelos. Wengi wao hawalijui jina lake.

Siandiki haya ili niseme eti mwalimu asilalamike, thawabu yake iko mbinguni. Maneno hayo tumeyasikia vya kutosha, na mara nyingi anayeyasema ndiye anayepanga mishahara. Seelos alidhulumiwa. Medali ile haikurudishwa na haiwezi kurudishwa. Sheria yenyewe iliendelea kusumbua watu kwa miaka mingi. Mwaka 1972 Muaustria mwingine, Karl Schranz, alifukuzwa kwenye Olimpiki ya Sapporo kabla hajashindana kwa madai hayo hayo ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Ilibidi miaka ya 1980 iwe inaelekea ukingoni ndipo milango ianze kufunguliwa kwa wote. Kwa hiyo ukiona watu wanaona kufundisha ni kitu cha chini, usidhani ni maneno ya vijiweni tu. Hata Olimpiki iliwahi kuliandika jambo hilo kwenye kanuni zake.

Nilichokipata kwa Seelos ni tofauti kidogo. Nilikuwa nawaza kwamba kuna watu wanaojua, na kuna wengine waliobaki wakawa walimu. Kumbe hapa kulikuwa na mtu aliyejua kuliko wote waliokuwepo na alikuwa mwalimu, na vitu hivyo viwili havikupigana ndani yake. Kila siku kijijini alikuwa na watu wasiojua kukata kona. Mtu akikuuliza, "Nifanyeje hapa?" unalazimika kuchunguza wewe mwenyewe unafanyaje. Mimi ile ngumi ya kontua sikuipata kwenye madesa ya hapa chuoni. Waliniletea watoto wa Kidato cha Pili kwa kutokunielewa.

Kule Seefeld kuna mnara wa kuruka kwa skii. Michezo ya kuruka ya Olimpiki ilifanyika pale mwaka 1964, ikafanyika tena mwaka 1976. Mnara huo leo unaitwa Toni Seelos. Aliishi mpaka mwaka 2006, akafariki akiwa na miaka 95. Mtu aliyefungiwa mlango wa Olimpiki, jina lake likaja kuwekwa kwenye uwanja wa Olimpiki, kijijini kwao.

Niliwasilisha mada yangu. Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa nilipopanda juu ya kiti kuonyesha mtu anavyozungusha mabega. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu, naye ni ticha, aliniuliza swali zuri: kama sheria ingemtaka achague, aache kufundisha ili ashindane, angechagua nini? Nikamjibu kwamba swali hilo lenyewe ndilo kosa. Hakuna aliyemtaka karani achague.

Niliyasema hayo darasani, halafu ikabidi niyaishi. Baba yangu mdogo amenitafutia nafasi kwenye ofisi moja Dar es Salaam, kuanzia Julai. Ni mtu mwema na ananipenda. Nilipompigia simu tulianza kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefikiria lile jambo?"

Nikamwambia nimefikiria, nashukuru sana, lakini nataka kufundisha. Akanyamaza kidogo. "Ualimu si mbaya," akasema. "Ni kianzio." Nikamwambia, "Baba, kwangu mimi siyo kianzio. Ndiyo kazi yenyewe." Akacheka, akasema nina kichwa kigumu kama marehemu babu, kisha akaniuliza nitakula nini nikisubiri ajira. Swali la haki kabisa. Wapo kaka na dada zetu waliomaliza miaka ya nyuma na bado wanasubiri, na mimi sina mjomba wizarani. Nikamwambia nitafundisha masomo ya jioni, na asubuhi nitajitolea.

Shule niliyofanyia mazoezi imekubali nirudi kujitolea mwezi wa nane. Nauli nitajitegemea, chai watanipa. Wale watoto wangu sasa wako Kidato cha Tatu, na mkuu wa somo ameniambia ramani zinawapiga chenga tena, safari hii ni kukokotoa ukali wa mteremko. Nimeshaanza kutafuta namna ya kulieleza.